Shahidi wa Usingizi Wangu

Kama mkeo amekuambia kwamba ukilala unakata pumzi, usimcheke. Mimi nilicheka. Nilimwambia, "Mama Ruthi, anayekata pumzi huzikwa, na mimi huyu hapa nakunywa uji." Naandika haya sasa ambapo nalala kama watu wengine, ili wewe uliyeambiwa maneno kama hayo usipite nilikopita. Mambo ya kitabibu waulize waliosomea. Mimi nitakueleza ya benchi la hospitali, ya chungu changu, na ya mke wangu, ambaye bado nina hasira naye na bado naishi naye.

Miaka hiyo ya vijiji vya ujamaa nilikuwa dereva wa lori la kijiji chetu, juu kidogo ya Lushoto. Tulikuwa tunashusha kabichi, viazi na mapeasi hadi Mombo, tunapandisha chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Dereva siku hizo alikuwa mtu, bwana! Nikipita, wazee waliniamkia kwa jina la baba yangu, na watoto walijua mlio wa gia zangu kabla lori halijatokeza kwenye kona. Sikuwa na shamba la kujisifia wala elimu. Nilikuwa na usukani ule, basi.

Nilikuwa mnene pia. Kwetu milimani mume akinenepa sifa ni za mkewe. Nilipooa nilikuwa kijiti, na kila nilivyozidi kujaa ndivyo mama mkwe wangu alivyozidi kusalimiwa kwa furaha kanisani. Mke wangu alinipikia makande yenye maziwa, ndizi za samli, na Jumamosi kulikuwa na boha, pombe yetu ya miwa. Shati langu la Jumapili lilipokataa kufunga kifungo cha shingo, watu walimpongeza yeye.

Ugonjwa ulianza kwa kusinzia. Nilisinzia kwenye mahubiri, nikasinzia na kikombe mkononi, nikasinzia mtu akinieleza msiba wake. Asubuhi niliamka kichwa kizito na mdomo mkavu, nimechoka kuliko nilivyolala. Mke wangu alisema ninakoroma hadi mbuzi wanahangaika zizini, halafu ghafla kimya, halafu nashtuka na kuvuta pumzi kama mtu aliyeopolewa mtoni. Mama yangu, tuliyekuwa tunaishi naye, alisema ni jinamizi linanikalia kifuani. Akaniwekea kisu chini ya godoro. Jinamizi halikuogopa kisu.

Siku moja kwenye shamba la kijiji nililala nimesimama, nimeegemea jembe. Jioni hiyo kwenye mkutano jamaa mmoja aliinuka akasema, "Ndugu Mwenyekiti, humu ndani kuna kupe. Sisi tunalima, wao wananenepa na kulala." Hakunitaja, lakini watu wote waligeuka kuniangalia tumbo. Siku hizo neno kupe halikuwa mzaha. Kupe ni mnyonyaji, na mnyonyaji hakuwa na rafiki. Nilijaribu kujitetea, na katikati ya kujitetea nikapiga mwayo. Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu.

Halafu ikaja ile siku ya lori. Ilikuwa mchana, jua linawaka, nimevuka Soni nateremka. Nakumbuka kona moja, sikumbuki iliyofuata. Niliposhtuka lori limepanda ukingo na kuegemea mti, na kabichi zinaporomoka kuelekea mtoni. Mama mmoja aliyekuwa juu ya magunia alivunjika mkono. Hakuna aliyekufa, na hilo namshukuru Mungu mpaka leo, kwa sababu upande wa pili wa barabara ile hakuna ukingo, ni korongo tupu.

Mwenyekiti wa kijiji nilichunga naye mbuzi utotoni. Hakunifukuza. Alisimama mbele ya watu akasema, "Nenda hospitali. Siku utakapoacha kusinzia, usukani ni wako." Kwa muda ule lori akapewa Yusufu, mdogo wa mke wangu, ambaye kuendesha nilimfundisha mimi mwenyewe. Nikaona sawa. Ni mtu wa nyumbani, atanishikia kiti.

Kama hujawahi kwenda hospitali na ugonjwa wa usingizi, hujui ubaya wa benchi. Hospitali ya misheni unafika alfajiri, unakaa na umande miguuni, unasubiri jina. Mimi nilikaa, nikalala. Jina langu likaitwa, wenzangu kwenye foleni wakanyamaza, maana nikikosa zamu yangu wao wanasogea. Nilipoamka jua liko utosini na muuguzi anafunga dirisha. "Tulikuita, baba." Jirani zangu wa benchi walikuwa wanaangalia kuku uani. Safari iliyofuata nilikaa karibu na bibi mmoja mwenye kidonda cha mguu na fimbo. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu bila aibu. Alinichoma na fimbo yake kila nilipoinamisha kichwa. Nilitoka pale na alama mbavuni, lakini nilimwona daktari.

Daktari alikuwa mama wa kizungu, Kiswahili chake kizuri na ulimi wake mkali. Alinipima shingo kwa utepe wa fundi cherehani. Akasema, "Mafuta haya yanakukaba ukilala. Kila usiku unanyongwa, ndiyo maana mchana unasinzia. Punguza mwili au utakufa, kitandani au barabarani." Sikuwa nimewahi kuambiwa kwamba unene ni ugonjwa. Nilimwangalia nikidhani ni wivu.

Kwanza alinipa vidonge vya kuondoa hamu ya kula. Masika yale nayaita masika ya vidonge. Jamani, nilikuwa macho! Nilipalilia shamba zima, nikaziba paa, nikazungumza hadi mama yangu akaomba nipumzike. Nilimwambia kila mtu nimepona. Lakini mikono ilitetemeka, moyo ulikimbia kama umefukuzwa, na mke wangu alisema usiku mambo ni yale yale, ninakabwa vile vile. Daktari akavisimamisha. Mwili nilioupoteza ukarudi na wenzake, usingizi wa mchana ukarudi pia, na mimi nikajiona nimetapeliwa na vidonge.

Ndipo akaniandikia chakula: makande ya maji matupu, mboga za kuchemsha, ugali wa ukubwa wa ngumi. Samli marufuku, karanga marufuku, boha ndiyo kabisa. Mke wangu alilisikiliza agizo hilo kama mtu anayesomewa hukumu. Akanunua chungu kidogo, akasema, "Hiki ni chako peke yako. Sisi tutakula kwenye chungu kingine, ili mafuta yetu yasikuguse." Nilimpenda sana siku ile.

Nilikula chakula cha chungu changu bila kunung'unika. Nilimwambia, "Mbona chakula cha mgonjwa kitamu hivi?" Akanijibu, "Ni njaa yako hiyo." Watoto wetu, Ruthi na mdogo wake, walikuwa wakigombania kukwangua ukoko wa chungu changu nikimaliza. Nilidhani wananipenda.

Kila mwisho wa mwezi nilipimwa kwenye ghala la kijiji, kwenye mizani ya magunia, kwa sababu hospitali ni mbali. Mtunza ghala hakuwa na siri. Alipiga kelele, "Gunia na debe mbili!" na waliokuja kupima viazi wakarudia kama kiitikio. Mwezi uliofuata, "Gunia na debe mbili na kisado!" Nilikuwa naongezeka. Nalala njaa, au nadhani nalala njaa, na naongezeka. Nilirudi kwa daktari nikamweleza. Alivua miwani.

"Unakula kwa siri," akasema.

"Sili, daktari. Naapa."

"Basi mizani ndiyo inayosema uongo?"

Kuitwa mwongo na mtu uliyemvulia shati kunauma. Sikurudi kwake hadi kipupwe, baridi ya mwezi wa saba, nilipoanguka uani na watu wakanibeba. Safari hiyo alinilaza wodini. Nikala uji wao usio na sukari na maharage yao ya kuchemsha. Wakainua miguu ya kichwani ya kitanda changu kwa matofali. Muuguzi mmoja, msichana mpole wa Bumbuli, akashona gunzi la mahindi mgongoni mwa shati langu ili nikilala chali linichome nigeuke ubavu. Nililitukana gunzi lile, lakini lilinisaidia kuliko vidonge. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akawa ananipa taarifa kila asubuhi: "Juzi ulikuwa trekta. Jana pikipiki." Mwili ulianza kushuka. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu niliota ndoto. Niliota naendesha lori, sina abiria, barabara imenyooka. Niliamka nikilia, mtu mzima.

Niliporudi nyumbani nikarudia chungu changu, na mwezi ulipokwisha mtunza ghala akapiga kelele zake. Nimeongezeka. Nilirudi nyumbani nimefura, nikawakuta watoto wanavutana na chungu changu nyuma ya jiko.

"Ninyi mna nini?" nikawauliza. "Chungu cha mgonjwa hakina kitu. Mbona hamgombanii chenu?"

Ruthi alinijibu bila hila yoyote, "Chetu hakina samli, baba."

Nilikichukua kile chungu nikakipeleka kwenye mwanga. Chini kabisa mafuta yalikuwa yameganda kwa baridi, meupe. Nilikaa kwenye jiwe la kunolea panga. Sikusinzia siku hiyo.

Mke wangu hakukana. Alisimama mlangoni na mwiko mkononi. "Mama yako aliniambia nakuua," akasema. "Aliniambia mwanawe anakonda mikononi mwangu na watu wanaona. Kisimani wananiuliza kama nimechoka kupika. Wewe ungefanyaje?"

Nikamwita mama. Mama alitoka na ushanga wake na uso wake mkavu. "Ndiyo, nilimwambia. Nani amewahi kuponywa kwa kunyimwa chakula? Wewe nilikuzaa mimi, hakukuzaa huyo daktari."

Unaweza kugombana na mkeo. Na mama yako je? Niliwaangalia wote wawili, watu wanaonipenda kuliko wote, na nikaona kwamba miezi yote ile walikuwa wakininyonga kwa kijiko. Na mimi nimeitwa mwongo kwa ajili yao.

Kesho yake nikaweka mafiga yangu matatu nyuma ya nyumba nikaanza kujipikia. Wewe uliyezaliwa juzi hutaona ajabu. Kwetu wakati ule mwanamume mwenye mke akionekana anachochea moto wa kupikia, amemtangazia mkewe talaka. Jirani walipita njia ya mbali makusudi waje kuniona. "Hodi! Bwana ameolewa!" walisema. "Shikamoo, bibi harusi!" Mke wangu alijifungia ndani. Wazee wa kwao walikuja kuuliza kosa la binti yao, nikawaonyesha chungu. Hawakuelewa. Mmoja aliniambia, "Yaani amekuwekea samli, na wewe unalalamika?"

Nilijipikia vuli yote na kiangazi kilichofuata. Suruali nikaifunga kwa kamba ya mkonge. Mashavu yakashuka, ngozi ya tumbo ikaning'inia kama mfuko uliomwagwa, na Jumapili moja kifungo cha shingo kikafunga. Mahubiri niliyasikia yote, kutoka mwanzo hadi amina, na nikagundua mchungaji wetu anajirudia.

Mke wangu naye alilainika, au mimi nilidhani hivyo. Alinichambulia mboga. Alinishonea gunzi jipya la zamani lilipochakaa. Usiku mmoja alinitikisa kwa nguvu. "Baba Ruthi! Baba Ruthi!"

"Nini tena?"

"Ulikuwa kimya. Nilidhani umekufa."

"Nilikuwa nimelala tu, mama."

Alikaa kitandani akisikiliza, kisha akacheka, kisha akalia kidogo. Hakuwa amesikia usingizi wangu wa kimya tangu mwaka tuliooana. Ushike usiku huo kichwani, maana mimi nimeushika.

Daktari alinipima shingo akapiga makofi kama mtoto. Kuhusu lori alisema, "Mchana nimekuona mimi, uko macho. Usiku anakuona mkeo. Mwenyekiti amwulize yeye. Akisema hukabwi tena, endesha." Nilipanda mlima kurudi nyumbani naimba. Nilikuwa na daktari, nilikuwa na kifungo cha shingo, na shahidi wangu nilikuwa namlalia mkono.

Mkutano ulifanyika mbele ya ghala. Nilivaa shati la Jumapili. Kwanza jamaa yule yule wa kupe akainuka, akasema nimekonda mno, watu wanasema nina kifua kikuu, na lori la wananchi halipewi mgonjwa. Mnene kupe, mwembamba kifua kikuu! Nilitaka kumrukia. Mwenyekiti akamkalisha, akasoma maneno ya daktari, kisha akasema, "Ya usiku shahidi wake ni mmoja. Mama Ruthi, simama utuambie. Mumeo bado anakoroma na kukata pumzi?"

Alisimama. Alifunga kanga yake upya, ingawa haikuwa imelegea. Hakuniangalia.

"Bado," akasema.

Watu wakaguna. Mwenyekiti akamwuliza tena, polepole.

"Bado, Ndugu Mwenyekiti. Hata jana. Pumzi inakatika, namsukuma ndipo anarudi."

"Mwongo!" Nilisimama nikapiga kelele. "Huyu mwanamke ni mwongo! Sema ukweli! Sema ulivyonitikisa!"

"Kaa chini, ndugu," Mwenyekiti akaniambia, na sauti yake ilikuwa imeshaniaga. Mwanamume anayemfokea mkewe mbele ya kijiji, kuhusu mambo ya kitandani, amekwisha kushindwa. Yusufu alikuwa anaangalia viatu vyake. Usukani ukabaki kwake, na safari hii hawakusema ni kwa muda.

Tulirudi nyumbani mmoja mbele mmoja nyuma, ukungu umeshuka. Karibu na mgomba wa kwanza wa kwetu nikasimama.

"Ni kwa ajili ya mdogo wako?" nikamwuliza.

"Hapana."

"Basi nieleze, kwa sababu leo umeniua."

Alikaa ukingoni mwa njia. "Siku ulipoangusha lori walikuja kuniambia nikiwa jikoni. Walisema kwanza pole. Wakanyamaza. Ndipo wakasema uko hai. Pale waliponyamaza, Baba Ruthi, nilikuwa mjane. Nilishaona nguo zako nazigawa. Sirudi pale tena, hata ukinichukia."

"Na samli? Ni mama kweli?"

"Mama yako alisema. Lakini sikusukumwa sana. Nilijua ukibaki mnene hawatakurudishia lori."

"Daktari alikuambia mafuta yananinyonga!"

"Nyumbani nilikuwepo. Kila usiku pumzi ikikatika nilikusukuma. Miaka yote hiyo unadhani mimi nililala? Usiku ningekuweza. Barabarani nani angekusukuma?"

"Na Yusufu? Yeye hawezi kufa kwenye kona?"

"Yusufu nitamlilia," akasema. "Lakini yeye si wewe."

Sikuzungumza naye masika yale yote. Lori lilipita kila alfajiri na mlio wa gia ambao haukuwa wangu, na mimi nikavuta shuka usoni. Baadaye matairi yalikosekana, likawekwa juu ya mawe karibu na ghala, kuku wakataga kwenye kiti changu. Yusufu akarudi kulima. Sikufurahi.

Kwa hiyo wewe unayeanza safari hii, nisikilize. Jipikie, au kaa jikoni chakula kinapopikwa, na watakaocheka wacheke. Usiamini dawa inayokupa furaha ya haraka. Lala ubavu, tafuta gunzi. Na kabla ya yote tafuta shahidi wa pili, dada yako, mwanao, mtu yeyote atakayelala chumba cha pili na kusikia. Ugonjwa huu huwezi kujishuhudia mwenyewe. Ukipona umelala, na aliye macho ndiye anayesema umepona au hukupona.

Mke wangu sasa ni mzee kama mimi. Napika chungu changu, yeye anapika chake, na ubavuni mwangu analala usingizi mzito, usingizi wa miaka anayonidai. Juzi mjukuu wetu alitaka kulala chumbani kwetu, akamwuliza, "Bibi, babu anakoroma?"

"Sana," akamjibu, bila hata kuinua macho kwenye mboga anazochambua. "Mpaka mbuzi wanaamka."

Sikoromi.